Waliozaliwa Tarehe Kumi na Moja

Tarehe kumi mwezi wa tano, saa mbili na robo asubuhi, mwandaaji wa safu ya "Siku Kama ya Leo" alikaa mezani kwake, akafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa pembe ya mtandio, akafungua faili la kesho. Wenzake pale gazetini walimwita Kalenda, na kwa miaka kumi na minne ya kazi alikuwa amelizoea jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Safu yake ilikaa ukurasa wa kumi na nane, chini ya hali ya hewa na juu ya chemshabongo, nayo ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kiliitwa Matukio, cha pili Waliozaliwa.

Matukio ya tarehe kumi na moja yalikuwa yale yale manne miaka nenda miaka rudi. Mfalme mmoja wa ng'ambo alitawazwa. Msafiri mmoja aligundua ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakichota maji yake kila siku. Mkataba ulitiwa saini baina ya nchi mbili ambazo siku hizi hazipo. Na farasi mmoja mwekundu alishinda mbio. Kalenda alikuwa na tukio la tano, na hilo ndilo lililomkosesha hamu ya kula kila ulipofika mwezi wa tano.

Miaka kumi na miwili iliyopita, tarehe hiyo hiyo, saa tano asubuhi, paa la kiwanda cha mashati liliwaangukia watu kumi na tisa. Wangeweza kukimbia, maana paa lilianza kulia mapema, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa nje ili wafanyakazi wasipoteze muda kwa kutoka ovyo. Mama yake Kalenda alikuwa humo, idara ya kola. Kesho yake gazeti liliandika kwamba kulikuwa na upepo.

Tangu hapo, kila tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano, wale kumi na tisa walikuja gazetini. Walifika saa tatu kamili, wamevaa aproni zao za kazi, vumbi la saruji kichwani, wakapanga foleni mapokezini bila kusukumana. Dada wa mapokezi aliwapa kitabu cha wageni wajiandikishe, akawagawia beji. Kwenye sehemu ya sababu ya kuja waliandika "kuuliza." Kisha wakakaa kwenye mabenchi, mabega yakigusana, wakasubiri. Mfagizi alinung'unika kidogo kuhusu saruji, basi. Gazeti hupokea watu wa kila aina.

Kalenda alishuka ngazi na nakala ya siku hiyo, na mama yake akamuuliza swali lile lile.

"Tumetoka?"

"Bado, mama."

"Haya, labda mwakani. Mbona umekonda hivyo?"

Walikaa mpaka saa kumi na moja jioni, wakarudisha beji, wakaenda zao.

Lakini mwaka uliopita mambo yalianza kwenda mrama. Mshonaji mmoja alipofika kwenye sababu ya kuja aliandika "meno." Mkata vitambaa, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, aliuliza kama pale ndipo posta. Na mama yake, baada ya kuuliza swali lake na kujibiwa, alimtazama Kalenda kwa upole kabisa akasema, "Nawe dada, unamsubiri nani?" Kalenda alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Aliona wazi kwamba marehemu wale walikuwa wanasahau, na wakisahau wao, hakukuwa na mtu mwingine aliyeajiriwa kukumbuka. Mwaka huu ilikuwa lazima watoke.

Akauandika mstari wake, akaupeleka kwa mhariri. Mhariri alikuwa mtu mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, na bado alisoma kwa shida.

"Dada, hili unaniletea kila mwaka," alisema. "Tukio ni tukio likithibitishwa."

"Mashahidi wanakuja kesho saa tatu. Sahihi zao zimo kwenye kitabu cha wageni, miaka yote."

"Nawajua, nawasalimia vizuri tu. Lakini marehemu hawezi kuwa chanzo cha habari. Nikitaka ufafanuzi nimpigie simu namba gani?"

"Basi mwondoe na farasi."

"Farasi hana tatizo na mtu."

Mwenye tatizo alijulikana. Mwenye kiwanda kile siku hizi aliitwa Mheshimiwa, waziri wa majengo, na tena alikuwa amezaliwa tarehe kumi na moja mwezi wa tano. Zamani alizaliwa mwezi wa kumi na moja. Mwaka mmoja baada ya paa kuanguka, mawakili wake waliona kwamba siku yenye sherehe haiwezi kuwa na matanga, ikaamuliwa ahamie. Mama yake mzazi, kikongwe wa miaka themanini, aliletwa mbele ya kamishna wa viapo akaapa kwamba siku za ujauzito wake alizihesabu vibaya. Kwa kuwa kiapo kilimwongezea mwanawe miezi sita, Mheshimiwa alitoka mle ofisini na ndevu za miezi sita. Kinyozi alikuwa anasubiri nje.

"Chumba cha Matukio kinapita kwa mwanasheria," mhariri alisema. "Unajua atakachosema."

"Na cha Waliozaliwa?"

"Hicho akiangalie nani? Nani ataenda mahakamani kulalamika kwamba amezaliwa?"

Mhariri aliangua kicheko. Kalenda hakucheka. Alirudi mezani, akapiga moyo konde. Chini ya jina la Mheshimiwa aliandika majina kumi na tisa kwa mpangilio wa alfabeti, kila moja na kazi yake: mkata vitambaa, mpiga pasi, mshonaji wa kola. Mwaka hakuandika. Alijua fika kwamba hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa tarehe hiyo. Alichotaka ni majina yatoke tu, wale watu wajisome kabla hawajasahau kusoma. Ukurasa ulipita kwa mhariri, ukapita kwa mwanasheria, ukaenda mtamboni.

Asubuhi walifika saa tatu. Mpiga pasi ilibidi ashikwe mkono, maana alikuwa amepita mlango mara mbili. Kalenda alishuka na nakala kumi na tisa kifuani, akiruka ngazi mbili mbili.

"Tumetoka?" mama yake aliuliza.

"Mmetoka, mama. Ukurasa wa kumi na nane."

Wakafungua. Mapokezini kote zilisikika karatasi tu. Mkata vitambaa alifuata mistari kwa kidole, akajikuta, akagonga kwa kidole pale pale mara tatu. Mpiga pasi aliomba asomewe, aliposomewa akaomba arudiwe. Mama yake Kalenda aliusogeza ukurasa mbali na macho, kama alivyozoea, akasoma jina lake kimoyomoyo.

"Kola wameiandika vizuri," alisema.

Furaha ilimjaa Kalenda. Miaka kumi na mmoja alikuwa amejibu "bado," na sasa neno hilo lilikuwa limekwisha mdomoni mwake. Alikaa benchini katikati yao, saruji ikamshika sketi, na hakujali.

Wakati huo mikono ya shati la mkata vitambaa ilikuwa imeanza kumfunika vidole. Gazeti lile lilikuwa na sifa moja, kwamba halijawahi kukanusha jambo lililokwisha kutoka. Liliwahi kuandika kwamba daraja la mtoni limekamilika, na watu wakalipita miaka mitatu kabla mafundi hawajaleta jiwe la kwanza. Sasa lilikuwa limeandika kwamba watu hawa wamezaliwa tarehe kumi na moja mwezi wa tano, na kwa kuwa mwaka haukutajwa, ilieleweka kuwa ni huu. Hawakuwa na budi kuzaliwa. Walianza kwa mpangilio wa alfabeti.

Kalenda alipanda ngazi mbio.

"Mhariri, naomba tukanushe."

"Kuna fomu," mhariri alisema. "Mlalamikaji aje mwenyewe na kitambulisho, asaini mbele yangu."

"Mlalamikaji hafikii meza."

"Basi asimame juu ya kiti."

Aliporudi chini, mkata vitambaa alikuwa ameshalazwa juu ya kaunta, akinyonya kona ya beji. Mama yake, ambaye jina lake lilikuwa karibu na mwisho, alikuwa kimo cha mtoto wa darasa la pili, amekamata aproni kwa mikono miwili isimvuke.

"Mama, nimekosea."

"Hujakosea. Si umetutoa?" Sauti ilikuwa imekuwa nyembamba. "Sikiliza. Usinivalishe sufi, inanitoa vipele. Na uji usiwe wa moto."

"Sawa, mama. Ila kumbuka kufuli. Paa na kufuli. Hebu sema kufuli."

Mama yake alikunja uso akafikiri kwa bidii, na Kalenda akamshika mabega, roho juu.

"Kuku," mama alisema.

Hakusema tena neno. Ilipofika saa sita kasoro dakika tano palikuwa na watoto wachanga kumi na tisa, wote wazima, wote wanalia. Dada wa mapokezi alikusanya beji, akajaza saa ya kutoka kwa kila mgeni, akaenda kutafuta maziwa.

Saa nane Mheshimiwa alikuja na wapiga picha, maana habari za siku yake ya kuzaliwa humfikia haraka. Aliwapakata watoto wawili, akasema kwamba taifa linaongezeka. Wakili wake aliwahesabu wale watoto mara mbili, akavuta simu akazungumza na mahakama. Kesi ambayo jamaa za marehemu walikuwa wameifungua dhidi ya kiwanda, na ambayo ilikuwa imepigwa danadana miaka kumi na miwili, ilifungwa kabla ya saa kumi, kwa sababu hakuna aliyekufa. Wote walikuwepo, wanene, na mmoja wao alikuwa amemkojolea Mheshimiwa suruali.

Jamaa zao waliitwa kuja kuwachukua. Mume wa mpiga pasi, mzee mwenye mvi, alikuja na shuka safi, akamlaza mkewe begani, akauliza tu kama ameshakula. Wajukuu wawili waligombania kumbeba mkata vitambaa. Kalenda alimfunga mama yake mgongoni kwa mtandio, akaenda naye nyumbani, na njiani watu wawili watatu walimpongeza.

Mwaka ule ulipita vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza. Mtoto alicheka, alikamata pua za watu, aliota meno mawili ya chini. Kalenda alimpenda kwa moyo wote. Jioni alimkalisha mapajani akamsimulia kiwanda, paa na mlango, taratibu, neno kwa neno, na mama yake akamsikiliza kwa makini, kisha akamtia kijiko sikioni. Hasira haikumtoka, ila hakuwa tena na mtu wa kuijua pamoja naye.

Tarehe kumi na moja iliyofuata, mapokezini hakuja mtu. Chumba cha Matukio kilikuwa na mstari wa tano: "Watoto kumi na tisa walizaliwa katika jengo la gazeti hili, kwa heshima ya siku ya kuzaliwa kwa Mheshimiwa." Mwanasheria aliupitisha bila kugusa hata nukta. Farasi alibaki.

Siku hiyo hiyo familia zote kumi na tisa zilialikwa kwenye kiwanda kipya cha mashati, kilichojengwa pale pale. Mezani alikaa afisa mwenye orodha. Kila mtoto alikuwa ameandaliwa barua: akitimiza miaka kumi na minane atapewa kazi, idara ile ile, meza namba ile ile. Watu walifurahi, maana kazi siku hizi hazipatikani, na foleni ilisogea haraka. Kalenda alipofika mbele alisoma barua mpaka mwisho, akairudia.

"Huu mlango unafunguka kwa ndani?" aliuliza.

Afisa alipekua fomu, ukurasa wa mbele na wa nyuma. "Swali hilo halina kisanduku."

"Basi sisaini."

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mwanawe."

"Kumbe. Mtoto hamsainii mzazi," afisa alisema bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake asipoteze muda. "Na mwenyewe si huyu hapa?"

Kabla Kalenda hajamhamishia mtoto mkono wa pili, afisa alikuwa ameshakamata kile kidole gumba, amekigandamiza kwenye wino, amekipiga kwenye karatasi. Mama yake alicheka, maana wino ulikuwa wa baridi. Idara ya kola, iliandikwa, miaka kumi na saba kuanzia leo. Kalenda alimkumbatia kwa nguvu, akawa anafuta kile kidole kwa mate, kwa kitambaa, kwa upindo wa gauni lake, na rangi haikutoka.

Nyuma yake mume wa mpiga pasi alimkalisha mkewe ukingoni mwa meza, akamnyoosha mkono mdogo, akamwambia asiogope, ni kitu kidogo tu.

"Anayefuata," alisema afisa.