Kiraka cha Shingoni

Saratani ya koo ilipomwondolea mzee Tak Deok-su sauti, binti yake Gi-ryeon aliapa kumrudishia. Ujuzi alikuwa nao: kazi yake ilikuwa kuunganisha saketi laini zinazokunjika, katika maabara moja mjini Gumi. Kiraka chembamba kingebandikwa shingoni, kisome misuli ya baba anapojaribu kusema, kisha spika ndogo iseme kwa sauti yake ya zamani, iliyotengenezwa kutokana na video za familia.

Tatizo lilikuwa viungo vya waya. Gundi yake ilibeba chembe za plastiki zilizopakwa dhahabu, laini kuliko unga. Ukiikandamiza kwa joto, chembe hubanwa kati ya waya wa juu na wa chini, umeme ukapita. Lakini chembe zilitawanyika ovyo, na baba alipomeza mate tu, sauti ilikatika.

“Bi Gi-ryeon, gundi yako inaogopa mate!” alimtania Pyo, mwenzake.

“Cheka tu. Siku gundi hii ikisema, wa kwanza kutukanwa ni wewe.”

Walianza kuipanga kila chembe kwenye kishimo chake katika utando wa gundi kabla ya kukandamiza. Viungo vikashika. Kufikia hapo, baba alikuwa hawezi tena kunywa hata uji wa mchele.

Gi-ryeon akambandika kiraka palepale kitandani. Baba alichezesha midomo.

“Mpigie Ho-gyeong,” ikasema spika.

Mama alidondosha bakuli. Ho-gyeong, kaka yake Gi-ryeon, alikuwa amehama tangu baba alipokataa kuhudhuria harusi yake. Hawakuwa wamesemezana tena.

Simu ikapokewa.

“Ho-gyeong,” baba alisema. “Nilikosa mimi. Njoo nyumbani, uje na mkeo.”



“Wewe Gi-ryeon,” Ho-gyeong akasema. “Baba hana sauti tena. Umeunganisha vipande vya video unichezee? Huna haya?”

“Kaka, ni yeye! Yuko hapa, anakusi—”

Simu ilikatwa. Wakapiga tena na tena, haikupokewa. Baba aligeukia ukutani. Koo lilitikisika chini ya kiraka, na spika, isiyojua kilio, ikatoa mkwaruzo tu. Gi-ryeon alikibandua taratibu.

Mzee alifariki kabla ya wiki kuisha.

Msibani, Ho-gyeong alikuja na mkewe. Alisujudu mbele ya picha ya marehemu, kisha akaketi karibu na dada yake. Supu ya nyama yenye pilipili ilipoa mbele yao.

“Ile simu,” alinong'ona. “Niambie ukweli. Ilikuwa video, sivyo?”

Gi-ryeon alimtazama. Macho ya kaka yake yalikuwa yamevimba, mikono imeshika ukingo wa meza kama mtu anayeogopa kuanguka. Mama, upande wa pili, aliacha kutafuna.

“Ndiyo,” alisema. “Ilikuwa video. Nisamehe, kaka.”

Ho-gyeong akashusha pumzi ndefu. Halafu akamkasirikia, akainuka, akaenda kuketi na mkewe. Mama alinyoosha mkono chini ya meza, akaukamata wa binti yake, akaubana sana.