Herufi Saba za Nabii

Mwaka mzima Kimya alifungua na kufunga padi za gemu chini ya jina lisilo lake. NABII, liliandikwa kwa wino mwekundu juu kabisa ya ubao mweupe, na meza yake ya ufundi iliegemea ukuta uleule. Kila alipoinua kichwa kuukwepa moshi wa lehemu, jina lilikuwa palepale, linamkodolea macho.

Ubao ule ulikuwa na sheria zake. Mara moja kwa mwaka, kampuni zinazotengeneza mashine za gemu zilipopanda jukwaani kwenye maonyesho makubwa ya ng'ambo, wachezaji wa mtaa mzima walijazana hapo kwa Mama Chaji kutazama. Mama huyo alianza kwa kuchajia watu simu, akaishia na skrini nane na viti visivyotosha. Kabla ya onyesho, mwenye kutaka aliandika ubaoni mambo saba anayoyatarajia. Aliyepatia mengi, jina lake lilikaa juu hadi mwaka mwingine. Na kilichoandikwa hakikufutwa, hata mwandishi angelia machozi ya damu.

Nabii alikuwa mtoto wa shangazi yake Kimya, na waliishi nyumba moja. Mwaka uliopita alilifungua daftari la Kimya, akawahi ubaoni. Kimya alipofika akaandika matarajio yake bila kuangalia pembeni, maana kuangaliwa kulimtosha. Yalikuwa yaleyale, neno kwa neno. Chumba kikalipuka kwa kicheko.

"Ameiga! Kimya ameiga!" alipiga kelele kinyozi wa jirani, ambaye hakukosa onyesho wala kukosa la kusema.

"Binamu," Nabii alisema kwa upole wa kuudhi, "hata kuiga kuna adabu yake. Ungebadilisha japo neno moja."

Kimya alikuwa ametumia miezi minne kutazama maonyesho ya zamani akiwa amezima sauti, akichunguza rafu zilizo nyuma ya mabosi, mtu waliyemtazama kabla ya kujibu, na vitu walivyovisahau mezani. Hayo yote yakawa ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuamka mapema. Alirudi kwenye bisibisi yake, akameza. Lakini kumeza si kusahau.

Safari hii aliwaza kwanza kumtegea uongo. Akakataa. Uongo ungempa Nabii mlango wa kutokea, kwamba hata manabii hukosea. Afadhali ampe ukweli mtupu, ampandishe hadi juu kabisa, kwa kuwa mpanda ngazi hushuka. Kwa siku tatu alizipindua sentensi zake saba, hadi herufi za mwanzo, zikisomwa toka juu kwenda chini, zikawa NIMEIBA. Kisha akaliacha daftari sebuleni, akaenda kuoga, na kwa mara ya kwanza maishani akaimba bafuni, ili mwizi ajue ana muda.

Jumamosi alasiri hapakuwa na pa kutia mguu. Nabii alishika kalamu kama mtu anayeweka saini mkataba.

"Na wewe, Kimya?" kinyozi aliuliza. "Huandiki? Au unasubiri amalize ndiyo uige?"

"Mwaka huu natazama tu," alisema Kimya.

Nabii akaandika kwa herufi kubwa za kujivunia:

*Nyembamba itakuwa mashine mpya, nusu ya ile ya zamani.*
*Itacheza diski zote za zamani.*
*Mfuniko wa betri utarudi kwenye padi.*
*Eneo la kuhifadhi gemu litaongezwa maradufu.*
*Ile gemu ya mbio za pikipiki itafufuliwa.*

Kimya alihesabu kimoyomoyo. Daftarini, mstari wa sita ulianza na "Bei". Nabii akasita, akageuka kumtazama, akatabasamu. Mwaka huu alikuja na adabu ya kuiga.

*Gharama haitatajwa jukwaani*, aliandika. *Atakayefunga onyesho ni mwanamke, si bosi wao.*

Siku tatu za kazi zimeharibiwa na neno moja! Kimya alishika ukingo wa meza, akasoma tena toka juu, taratibu, herufi baada ya herufi. Alipofika chini aliinama upesi, akajifanya anatafuta skrubu, maana cheko lilikuwa limemfika kwenye meno.

Onyesho likaanza. Mashine ikatolewa ndani ya kasha, nyembamba kama kitabu cha shule. Mama Chaji akaweka alama ya kijani. Diski za zamani, alama. Eneo maradufu, alama. Padi ikageuzwa mgongo, mfuniko huo hapo, na watu wakaanza kupiga meza. Pikipiki ilipounguruma gizani, kinyozi alimkumbatia mtu asiyemjua. Gharama haikutajwa. Bosi akaaga, akampisha mwanamke mwenye gitaa, naye akafunga.

Saba kwa saba! Nabii alibebwa juu juu hadi kichwa kikagonga taa.

"Unajuaje, bwana? Nani anakuambia?"

"Haya mambo hayafundishwi," Nabii alijibu kutoka mabegani mwa watu. "Yananijia tu."

Kimya alisimama.

"Kinyozi, nisomee herufi za kwanza. Toka juu."

"Za nini tena? Haya. N... I... M... E..." Kinyozi akapunguza mwendo. "I... G... A." Kisha akaisoma nzima, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu: "Nimeiga."

Nabii alishushwa bila mtu kusema ashushwe.

"Bahati mbaya tu hiyo! Herufi ni herufi!"

Kimya akamkabidhi Mama Chaji daftari, limefunguliwa. Mama akasoma, akautazama ubao, akasoma tena.

"Nilikuandikia NIMEIBA, binamu," Kimya alisema. "Mstari wa sita ulikuwa 'Bei'. Neno moja tu umebadilisha, kama ulivyonishauri. Kukiri umekiri mwenyewe."

Kicheko cha mwaka jana kikarudi chote, na sasa kilijua mwenyewe wake ni nani. Kimya aliona macho ya Nabii yanalengalenga, moyo ukamchoma, akauambia utulie.

Mama Chaji alifuta jina jekundu, akaandika KIMYA. Kisha akashusha kitambaa kwenye mistari saba.

"Hapana, mama," Kimya alisema. "Sheria ni sheria. Kilichoandikwa hakifutwi."

Wiki mbili baadaye Nabii alileta padi iliyokufa kitufe. Fundi mwingine hakuwepo mtaani. Kimya aliipokea, akatafuta bisibisi ndogo kuliko zote, akamvutia kiti kinachotazama ubao.

"Keti, binamu," alisema. "Hii haina haraka."