Jiwe la Lango la Wavuvi

Saa nne asubuhi redio ilitangaza kwamba mto Main, huko Ujerumani, ungefika kilele jioni, kwa kimo kilekile cha mwaka 1784. Watu wa mji wa Hasselwörth wakashusha pumzi. Ukuta wao wa mafuriko ulizidi alama ya mwaka huo kwa nusu mita, na alama yenyewe ilikuwa imechongwa kwenye jiwe la Lango la Wavuvi, usawa wa kifua, mahali ambapo hata mtoto angeweza kuigusa.

Kipimo cha ukuta huo kilitolewa na Irmtraud Seuffert, mwalimu mstaafu wa jiografia na historia. Jina lake lilikuwa kwenye kibao cha shaba ukutani. Nyuma ya ukuta, bondeni palipokuwa zamani malisho ya ng'ombe, sasa palikuwa na nyumba sitini zenye watu ndani.

"Mwalimu, leo mto unakuja kufanya mtihani wako!" alitania meya, Bwana Zehnter, akitafuna soseji langoni pamoja na wazima moto.

"Utafeli," alijibu Irmtraud. Wakacheka.

Alois Krapf, mwashi wa miaka themanini na minane, alikuwa akilipapasa jiwe kama mtu aliyekutana na rafiki. "Mimi ndiye niliyeliweka hapa," alisema. "Mwaka wa hamsini na sita."

"Uliyelirudisha, Mzee Krapf," alimsahihisha Irmtraud.

"Nililiweka. Upande huu ulibomolewa vitani. Jiwe lilikuwa kule juu, penye ndoano ya taa. Fundi mkuu akasema, kule juu litasomwa na nani, njiwa? Tukalishusha ili wageni wapige picha."

Irmtraud akainua macho hadi kwenye ndoano. Akapima kwa macho. Kutoka jiwe hadi ndoano palikuwa na zaidi ya mita moja na nusu. Maji ya kimo cha 1784 yangeupita ukuta kwa mita nzima.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Irmtraud hakuwahi kumuuliza. Alikaa majira matatu ya baridi katika nyaraka za mji, na Krapf alikuwa akiishi mtaa wake, mlango wa nne.

"Bwana Zehnter, watoe watu bondeni. Sasa hivi."

Meya aliacha kutafuna. "Kwa maneno ya huyu? Amekunywa mvinyo tangu asubuhi!"

"Tangu saa tatu tu," alisema Krapf. "Na mstari wa alama ulipita kwenye mawe mawili. Upande wa kulia haukubomoka. Mwisho wa mstari bado uko kule juu, chini ya chokaa."

Mzima moto mmoja akaegemeza ngazi. Alipanda, akakwangua chokaa kwa kisu, akapuliza vumbi. Alishuka vidato viwili, akasimama, akapanda tena kana kwamba hakuyaamini macho yake.

"Upo," alisema. "Umenyooka kabisa. Na mwishoni kuna tarakimu nne: moja, saba, nane, nne."

Soseji ya meya ilianguka kwenye matope, wala hakuiangalia. "Nilikaa kwenye baraza la mji," alisema polepole, "nikaupigia kura ukuta ule."

"Kwa sababu mimi nilikuambia," alisema Irmtraud. "Nipe kipaza sauti."

Alitangaza mara tatu kutoka kwenye gari la zimamoto, na kila mara alianza na jina lake. Lakini bondeni mapazia yalifunguliwa na kufungwa tena, hakuna aliyetoka. Basi akashuka, akaanza kugonga milango mwenyewe.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Gundula Reuss, aliyekuwa mwanafunzi wake. Alikuwa amevaa ndala, na nyumba ilinukia keki ya plamu.

"Mwalimu, lakini wewe mwenyewe ulitufundisha. Mstari, nusu mita, ukuta. Nilipata alama zote!"

"Nilikufundisha makosa, Gundula. Zima jiko. Vaa viatu."

Gundula alizima jiko. Kisha akageuka na kuwaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, na Irmtraud akaenda kugonga mlango wa pili.