Majivu Juu ya Funza wa Bonifasia

Haya nimeyapata kwa Keza, Jumapili hii iliyopita, tukipukuchua maharage uani kwangu. Yeye mwenyewe alikuwepo.

Bonifasia, mke wa kaka yake, anafuga funza wa wale nzi weusi, wanaokamuliwa mafuta ya kuendeshea mashine ya kikundi cha kijiji. Watu wa Mbuba walimcheka mpaka wakachoka. Alianza kuwalisha maganda ya mihogo, wakawa wembamba, hawana mafuta. Akajaribu pumba, akajaribu maparachichi yaliyooza, mwisho akachanganya vyote na machicha ya pombe ya ndizi. Wakanona. Ukimbinya mmoja, kidole kinang'aa. Juma hilo kikundi kilikuwa kije kuwakamua. Mafuta yasipotoka, mashine inahamia kijiji cha Murukulazo na kazi yake imekwisha.

Sasa wageni wa Kaniha walikuwa njiani kuja kumposa Keza. Mama mkwe akaona aibu kwa ile harufu. Akafanya tunavyofanya sote kwa kitu kinachonuka: akachota majivu jikoni, akayamwagia mabeseni ya funza moja baada ya jingine. Bonifasia akarudi kutoka mtoni akakuta funza wamejikunja, wamekauka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," mama mkwe akasema. "Wageni wale chakula huku wananusa choo?"

Mama mkwe hatukanwi. Bonifasia akamgeukia mumewe, Novatus.

"Baba Josiane, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Ni mama. Ningemshika mkono?"

"Ungefungua mdomo! Umesimama tu kama mgomba uliokwisha katwa mkungu!"

Akachukua ungo, akachagua waliokuwa hai. Walitaka chakula, na machicha yaliyokuwepo ni ya pombe ya wale wageni tu. Kwetu hayo hayaguswi mpaka wageni waage. Bonifasia akaingia sebuleni, wageni wamekwisha kaa.

"Shikamooni, wazee." Akabeba chungu cha machicha.

"Rudisha! Unatuvunjia posa!"

"Mama, wangu uliowaua nani atawarudisha?"

Mzee mmoja wa Kaniha akacheka. "Mwacheni, ana watoto wa kulisha."

Posa haikuvunjika. Waliopona walijaa beseni moja, linatosha kukamuliwa. Akaliweka chumbani.

"Nilale na funza?" Novatus akauliza.

"Kalale kwa mama yako."

Akaenda kweli. Mama mkwe akanung'unika. Bonifasia akabaki anawatupia funza machicha kidogo kidogo, bado ana hasira, mpaka usingizi ukamchukua ameketi.