Shangazi Nje ya Mstari

Jana usiku, nikiwa na utafiti wa kuwasilisha chuoni asubuhi, niliota nazungushia bwawa la kijijini kwetu mstari wa chaki. Ndani niliwatia samaki, mafunjo, ng'ombe na wavuvi. Nikaridhika.

"Na walio nje?" chaki ikauliza.

"Hao hawahusiki."

"Haya."

Soko likafutika, ikafuata barabara, kisha mlima. Sikushtuka. Chuoni tumefundishwa kwamba mtafiti huanza kwa kuweka mpaka.

Mara bwawa limekuwa ukumbi wa chuo, ila maji bado yamo. Mwenyekiti wa jopo ni kambale, na wajumbe wake ni samaki perege. Anajifuta sharubu, ananipa kamba nivute. Navuta. Ng'ombe anapiga chafya, mafunjo yanainama, na mvuvi mmoja anamwomba mkewe msamaha.

"Nimevuta kamba moja tu," nasema.

"Kamba moja haipo," kambale anajibu. "Fuata hiyo uone inakoishia."

Naifuata hadi kwenye chaki. Ng'ambo ya mstari, katikati ya weupe mtupu, ameketi shangazi Namsifu aliyenilea, msuka mikeka. Havui wala hafugi, basi nilimsahau.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Nakijwa mwanangu. Mbona miguu yangu siioni?"

Kweli, amefutika mpaka magotini.

"Mwingizeni!" nikapiga kelele.

"Kwa sababu gani?" chaki ikauliza.

"Anakata mafunjo ya mikeka. Yakikatwa, perege wanapata mahali pa kutagia."

"Hiyo umeifikiria sasa hivi. Sababu yenyewe?"

Shangazi amefutika mpaka kiunoni, na bado ananitazama kwa upole, kama mtu anayesubiri chai.

"Nampenda," nikasema. Niliona haya kulitamka neno hilo mbele ya jopo.

Kambale akawageukia perege. "Mmesikia? Amesema anachokithamini. Sasa utafiti unaweza kuanza." Kisha akaniuliza, "Na wewe umesimama wapi?"

"Mimi ni mtafiti. Nasimama nje."

"Nje hakuna kitu, mama."

Nikatazama chini. Sikuwa na miguu.

Nilipayuka nikimwita shangazi. Akaushika upindo wa kanga yake, akausugua mstari hadi ukakatika, akanikamata mkono. Tukatumbukia majini wote wawili, mimi nikilia, yeye akinikaripia nifunge mdomo nisimeze maji.

Simu ikaniamsha. Alikuwa shangazi, anapiga kutoka kijijini.

"Nakijwa, umeamka salama? Mimi nimeamka nimelowa chepechepe, na mlango sijaufungua. Kwenye upindo wa kanga nimekuta kaperege kadogo, kazima kabisa. Nimekatia kwenye sufuria ya maji. Sasa nikarudishe bwawani au nikakaange?"

"Usikakaange, shangazi!"

"Basi njoo ukaangalie. Tangu nikatoe kananitumbulia macho, kama kuna jambo kanalisubiri."

Nikavaa viatu. Chuoni nikawapigia simu kuwaambia kwamba utafiti wangu haujawa tayari.