Machimbo ya Murera

Chini ya bati la godauni moja la Ruiru, Kaloki alichora jangwa ambalo hakuwahi kulikanyaga. Ukutani alibandika kurasa zilizochanwa kitabuni: miamba myekundu ya Arizona, kazi ya Harlan Pruitt, Mmarekani aliyeishi jangwani peke yake miaka thelathini, akichora, mpaka majirani walipomkuta amefia kitini. Kaloki aliyajua maisha hayo kama ya ndugu yake. Yeye mwenyewe alikuwa na chumba mtaani Witeithie, na kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi hakuna aliyemsemesha.

Mkewe, Mukonyo, alikuwa akiponda kokoto kwenye machimbo ya Murera. Ukuta wa mawe ulimwangukia. Mwenye machimbo alileta jeneza, na malori yakaendelea kupakia siku hiyohiyo.

Gachau, mwenye godauni, alipomwambia kwamba wateja wamechoka na nakala anazochora, wanataka picha ya Pruitt ambayo haijaonekana popote, Kaloki alichora alichokijua: machimbo yale, jua la saa tisa, vumbi, na chini kabisa mwanamke aliyejifunga leso, ameinamia kokoto.

Gachau aliisogelea, akamwonyesha kidole yule mwanamke.

"Mzee, hii ni kazi. Lakini huyu mama mtoe. Arizona hakuna leso."

"Huyo ni bibi yangu."

"Najua. Pole. Weka jiwe hapo."

Kaloki alianza kumfunika kwa rangi ya jiwe, miguu kwanza. Kichwa alikiacha mwisho. Rangi ilipokauka, Gachau mwenyewe alitia sahihi ya Pruitt pembeni.

Mnunuzi alikuja Ijumaa, wakili aitwaye Janice, aliyekuwa amejenga nyumba mtaa wa Kahawa Sukari. Alisimama mbele ya picha, akasema mwanga kama ule huonwa tu na mtu aliyekaa na upweke miaka mingi. Kisha akauliza yule mzee pale mlangoni ni nani.

"Huyo ni wa kubeba," Gachau alisema.

Kaloki alifungua mdomo. Nje, kando ya geti, vijana watatu walikuwa wamekaa tangu asubuhi, wakingoja kuulizia kazi. Akaufunga.

Janice alitoa glavu nyeupe mkobani.

"Vaa hizi, mzee. Usiiguse na mikono mitupu, utaiharibu."

Kaloki alizivaa, kidole baada ya kidole, akaiinua picha, akaipeleka kwenye gari.