Blanketi kwenye Paa la Sadurní

Kampuni za simu zilishatuambia zamani kwamba waya hauletwi vilimani huku kwa ajili ya nguruwe na wazee. Tukasema sawa, kaeni na waya wenu. Tukaunganishana wenyewe, paa kwa paa, kila nyumba na dishi lake, kutoka mjini Vic mpaka kwetu, na sharti ni moja: ukipokea mtandao, nawe umpitishie aliye mbele yako. Mimi napokea kutoka kwa Sadurní, ng'ambo ya bonde, nawapitishia walio nyuma ya kilima. Miaka yote hii mapaa yetu yanazungumza usiku na mchana, na sisi wenye mapaa ni salamu za mlangoni pa kanisa, basi.

Wiki hii upepo ukaligeuza dishi langu. Nikampigia Queralt, binti anayetutengenezea mitambo.

"Nimevunjika mguu, Bi Remei. Fanyeni wenyewe. Wewe paani kwako, Sadurní kwake, simu sikioni. Wewe geuza, yeye akusomee namba za mawimbi, na zikishuka ndiyo vizuri. Ila usidanganyike. Kwanza utapata mahali panapoonekana pazuri, kumbe ni pa uongo. Pita. Namba zitapotea kabisa, ndipo pa kweli paje."

"Hakuna mtu mwingine wa kunisaidia?"

"Kwani Sadurní anauma?"

Haumi, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Nilimpenda kabla sijaolewa na marehemu Quirze. Quirze alikuwa mtu mwema, nami nilimtunza vizuri, lakini kumpenda Sadurní sikuacha. Na Jumapili binti yake anakuja kumhamishia Barcelona. Nyumba imeshapata mnunuzi. Nilitaka asiende. Zaidi ya hapo, nilitaka aniulize kama nataka asiende.

Nikapanda juu ya banda la nguruwe, paa lililo bapa, na spana mfukoni.

"Fanya haraka," Sadurní akasema kwenye simu. "Ukungu unapanda kutoka mtoni. Nitundike nini ili ulione paa langu?"

"Chochote, bwana we."

Akatundika blanketi. Jekundu. Nilipoliona nikalisahau dishi, kwa sababu tulipokuwa vijana blanketi jekundu kwenye dirisha lake lilikuwa na maana moja tu: nipo darajani, njoo.

"Hilo bado unalo?"

"Sufu nzuri haitupwi, we mwanamke. Geuza."

Nikageuza. "Themanini," akasoma. "Sabini na tano... sabini... ee, hapo hapo! Inatosha!"

Ingetosha kweli. Tungeagana, kila mtu akashuka kwake. "Si penyewe," nikasema. "Napita."

"Unaharibu! Imepotea. Hakuna kitu hapa, Remei."

"Vumilia."

Nikaendelea kusogeza dishi, kidogo kidogo. Nilisikia anavyopumua. Halafu akasema, polepole, "Kabla sijaenda Uswisi kutafuta kazi nililitundika blanketi siku tatu. Nikakungoja darajani. Hukuja."

"Siku zipi?"

"Za ule ukungu mkubwa, baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote."

"Sadurní! Siku zile sikuiona hata pua yangu, ningeliona blanketi?"

"Nilidhani umeliona ukakataa."

"Na miguu yako ilikuwa na nini? Hukuweza kuvuka daraja ukabisha hodi?"

"Baba yako alikuwa na bunduki."

"Haikuwa na risasi tangu vita, mpumbavu we!"

"Hamsini na tano!" akapiga kelele. "Usiguse! Hamsini na mbili! Kaza, Remei, kaza!"

Nikakaza nati huku machozi yananitoka, ya hasira, msifikiri vinginevyo.

"Basi kazi imekwisha," akasema.

"Imekwisha. Asante."

Akakata simu. Wapumbavu tulikuwa wawili.

Alasiri ukungu ukalimeza bonde lote. Mtandao haukujali, walio nyuma ya kilima walikuwa wameshaanza kutazama mpira wao. Mimi nilikaa jikoni na mkate niliousugua kwa nyanya, nikauacha bila kuumega. Je, ameshalianua? Kazi imekwisha, mtu mwenye akili analianua blanketi lake lisilowe. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Weupe mtupu. Simu ilikuwa mezani, mtandao umejaa tele, kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Lakini ningeuliza nini? Mtu hapigi simu kuuliza kama anaitwa.

Nikavaa koti. Nikashuka njia ya mtoni nikishika ukuta wa mawe, na ulipoishia nikafuata sauti ya maji. Darajani huwezi kuuona upande wa pili. Nikasimama, miguu inaganda, nikijitukana. Nilikuwa karibu kugeuka mtu alipokohoa.

"Nani hapo?"

"Nani mwingine atasimama hapa na baridi hii?" nikajibu.

Nikasikia hatua zake zikija. Kisha akasema, "Remei. Kumbe safari hii umeliona."

"Sikuliona," nikamwambia. "Nimekuja tu."